Kamera Isiyojua Rangi na Ndugu Yake: Pentax K-3 Mark III Mbili kwenye Mwanga wa Mombasa

Pentax ilipotoa K-3 Mark III Monochrome mwezi wa Aprili 2023, ilifanya jambo ambalo kampuni nyingi za kamera zilikuwa zimeiachia kampuni ya Kijerumani ya Leica kwa zaidi ya miaka kumi. Ilichukua kamera yake iliyokwisha kuwepo sokoni, K-3 Mark III ya mwaka 2021, ikaitilia kihisi kisichotambua rangi hata kidogo, kisha ikaiuza kwa bei ambayo mpiga picha wa kawaida anaweza, kwa kujikaza, kuifikia. Kwa kuwa kamera hizi mbili zinalingana kwa umbo, kwa uzito wa gramu 820 hivi, na kwa kihisi cha ukubwa wa APS-C (kidogo kuliko fremu ya filamu ya 35mm) chenye takriban megapikseli 26, anayezibeba pamoja hupata nafasi adimu ya kulipima swali ambalo wapenzi wa picha za nyeusi na nyeupe hawachoki kulibishania, nalo ni kama kuna sababu ya kununua kamera isiyojua rangi ilhali kamera yoyote ya rangi huweza kutoa picha ya kijivu. Nimezitumia zote mbili Mji wa Kale, Marikiti, kwenye kuta za Fort Jesus na chini ya mibuyu ya Mama Ngina, kwa lenzi moja tu, DA 35mm f/2.4. Ninayoyaeleza hapa ni yale yaliyojitokeza kwenye jua letu na hewa yetu yenye unyevu, ambayo ni vitu viwili visivyomhurumia mpiga picha.

Kihisi cha kamera ya dijitali, kwa asili yake, hakijui rangi. Kazi yake ni kupima wingi wa mwanga, basi. Rangi huletwa na vichujio vidogo sana vinavyobandikwa juu yake, kimoja kwa kila pikseli, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976, ambapo nusu ya pikseli huwekewa kichujio cha kijani, robo chekundu na robo cha buluu. Kila pikseli hupima rangi moja tu, na zile mbili zilizobaki kamera huzikisia kwa kuangalia pikseli jirani. Kwa hiyo picha ya rangi inapogeuzwa kuwa ya kijivu, sehemu kubwa ya kijivu hicho imetokana na makisio, na mwanga mwingi ulikwisha kuzuiwa mlangoni kabla haujapimwa. Kwenye Monochrome vichujio hivyo havipo. Kila pikseli hupokea mwanga wote unaoifikia na huandika ilichokipima yenyewe. Ndiyo maana ISO yake (kipimo cha wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya chini kabisa ni 200, wakati ya ndugu yake ni 100, maana yake ni kwamba kihisi hiki kinahitaji takriban nusu ya mwanga ambao kile kingine kinauhitaji.

Hayo ni ya kwenye karatasi, na kwenye karatasi Monochrome imeshinda tayari. Juani mambo hayaendi hivyo.

Chukua saa sita ya mchana, mbele ya mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry, msikiti wa tangu mwaka 1570, wakati watu wanapotoka kwenye kivuli cha uchochoro na kuingia juani. Kanzu iliyofuliwa na kupigwa pasi hurudisha karibu mwanga wote unaoiangukia, na buibui lililo kando yake halirudishi kitu. Kamera ya rangi hapa ina akiba ambayo wengi hawaifahamu: kanzu inapokuwa kali mno, kwa kawaida pikseli za kijani ndizo zinazojaa kwanza, huku za nyekundu na za buluu zikiwa bado zina nafasi, na programu ya kuhariri hutumia hicho kilichobaki kurudisha mikunjo ya nguo ambayo ingedhaniwa imepotea. Kwenye Monochrome hakuna akiba ya namna hiyo, kwa sababu pikseli zote zinafanana. Kanzu ikiungua, yaani ikigeuka nyeupe tupu, imeungua, na hakuna kidhibiti chochote cha kompyuta kitakachoirudisha mikunjo hiyo. Dawa yake ni kupunguza mwanga kwa hatua nzima au zaidi (kila hatua huukata mwanga nusu), kuyaacha mabuibui na milango yawe meusi kwenye skrini, kisha kuyainua baadaye, jambo ambalo kihisi hiki hulistahimili vizuri kupita kiasi. Vivuli vilivyoinuliwa kwa hatua tatu bado vilikuwa safi, na nakshi za mlango wa mbao zilisomeka. Tena grafu ya mwanga inayoonyeshwa na kamera hii inaaminika zaidi, kwa kuwa haikuchanganyiwa rangi tatu kwanza. Lakini ni nidhamu, na mpiga picha anayefukuzana na tukio linalopita kwa sekunde mbili hana kila mara nafasi ya kuwa na nidhamu.

Suala la rangi zenyewe ndilo zito zaidi, na ndilo ambalo tathmini nyingi kutoka nchi za mawingu hulipitia juu juu. Mombasa ni mji unaotenganisha vitu kwa rangi. Simama mbele ya duka la leso Biashara Street, ambako leso nyekundu imetundikwa ubavuni mwa leso ya kijani, na katikati yao kisutu, chenye nyekundu yake, nyeupe yake na nyeusi yake. Kwa jicho, hizo ni nguo tatu zinazopigiana kelele. Kwa Monochrome isiyofungwa kichujio cha kioo mbele ya lenzi, leso nyekundu na leso ya kijani zilitoka na kijivu kinachokaribiana sana, kiasi kwamba mpaka kati yao ulionekana kwa sababu ya mkunjo tu. Ukifunga kichujio chekundu kwenye lenzi, leso nyekundu inang'aa na ya kijani inazama, jambo ambalo ni zuri, isipokuwa kwamba nyekundu ya kisutu nayo imepanda ikaikaribia nyeupe yake, na pambo zima la pembezoni limefifia. Ukifunga cha kijani, nyekundu ya kisutu inazama na kuungana na nyeusi. Uchague unachokitaka, lakini uchague hapo hapo, dukani, huku mwenye duka akikuuliza kama unanunua au unatazama tu. Faili ghafi (RAW, yaani data ya kihisi kabla haijachakatwa) ya kamera ya rangi ilinipa nguo zote tatu zikiwa zimetengana, kwa kusogeza vidhibiti vya nyekundu na kijani nikiwa nimekaa nyumbani na kikombe cha chai, na kisutu nikakishughulikia peke yake.

Ni haki kusema kwamba uhuru huo una bei yake. Kidhibiti cha buluu kikivutwa chini sana ili anga liwe jeusi, anga hilo hujaa chenga, yaani vidoadoa ambavyo havikuwepo kwenye mandhari, kwa kuwa linajengwa kutokana na robo tu ya pikseli, na kwenye ukingo wa ukuta au wa jani la mnazi hutokea mstari mweupe mwembamba unaolifichua jambo lote kwa yeyote aliyewahi kuchapisha picha kubwa. Hapo ndipo Monochrome yenye kichujio cha machungwa au chekundu inapojitetea. Kuta za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 na ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, zina ile rangi ya udongo iliyochomwa na jua ambayo kichujio cha machungwa huipenda. Ukuta ulipanda, anga likashuka, na mpaka kati yao ulikuwa safi kama uliokatwa kwa wembe. Sharti ni kwamba anga liwe na buluu ya kushushwa. Siku ambazo hewa ina mvuke mwingi na anga limegeuka kuwa jeupe, kichujio hakisaidii, wala kidhibiti cha kompyuta hakisaidii, maana hakuna rangi ya kukamatwa. Asubuhi baada ya mvua kunyesha usiku ndiyo iliyonipa anga jeusi bila kulazimisha.

Kuna hoja inayorudiwa mara nyingi dhidi ya vichujio, nami naiona kuwa ni nusu ya ukweli. Husemwa kwamba kichujio chekundu hula hatua tatu za mwanga, cha machungwa mbili na cha manjano moja, kwa hiyo ile faida ya Monochrome ya hatua moja huyeyuka mara tu unapofunga kichujio. Hesabu hiyo ni sahihi kwa anayetazama namba ya ISO peke yake. Lakini kamera ya rangi inapotengeneza anga jeusi kwa kutegemea nyekundu, nayo pia inatumia zile pikseli zilizo chini ya kichujio chekundu tu, ambazo ni robo ya pikseli zote. Kwa kasi ileile ya shata na tundu lilelile la lenzi, Monochrome yenye kichujio chekundu inakusanya mwanga mwekundu kwa pikseli zote. Namba ya ISO itakuwa kubwa na itakutisha, lakini picha ndiyo itakayokuwa na chenga chache zaidi na maelezo mengi zaidi.

Ngozi za watu zinastahili neno. Pwani yetu ina ngozi za kila namna, kuanzia nyeusi iliyokolea hadi ya maji ya kunde na nyeupe, na mara nyingi zote zimo ndani ya picha moja ya familia moja. Monochrome bila kichujio inazitoa kwa mpangilio unaoaminika, bila kuzifanya nyeusi kuwa nzito mno wala nyeupe kuwa kama chokaa. Kichujio cha machungwa huinua ngozi zote na kulainisha makovu na madoa, jambo linalompendeza mwenye sura na linalomnyima mpiga picha mikunjo ya uso wa mzee. Kwa picha za wazee nilikiondoa. Kwenye kamera ya rangi, kidhibiti cha machungwa hufanya kazi hiyohiyo, na hapa, tofauti na angani, sikuona hasara ya maana.

(Kando kidogo: kamera zote mbili zina shata inayosikika. Mji wa Kale ni mitaa ya watu wanaoishi humo, na salamu hutangulia kamera. Anayefikiri kwamba picha ya nyeusi na nyeupe inampa ruhusa ya kumpiga picha mwanamke barazani kwake bila kumwomba idhini hahitaji kamera mpya, anahitaji adabu.)

Baada ya Magharibi ndipo Monochrome inapoacha kubishana na kuanza kushinda. Vichochoro vya Mji wa Kale usiku vina taa za kila aina. Hapa balbu ya manjano juu ya mlango, pale taa ya LED nyeupe ya dukani, mbele kidogo taa ya tuktuk inayokuja. Muuza kahawa aliyeketi na dele lake, makaa yakiwaka chini yake, uso wake ukimulikwa na balbu upande mmoja na LED upande wa pili, ni mtihani ambao kamera ya rangi huufanya kwa taabu. Mwanga wa balbu ya manjano una buluu kidogo sana, kwa hiyo pikseli za buluu hubaki karibu na giza, na kamera inapoziongezea nguvu ili rangi zilingane, huongeza na chenga zake. Ukiigeuza picha hiyo kuwa ya kijivu, chenga zinakuja nazo, tena si zile ndogo zilizotawanyika sawasawa, bali ni mabaka. Kwa ISO 12,800, shavu la mzee upande wa balbu lilikuwa na mabaka hayo kwenye kamera ya rangi, na nilipojaribu kuyafuta, ndevu zake nazo zikalainika zikawa kama pamba. Monochrome kwa ISO ileile ilitoa chenga ndogo, kavu, zilizosambaa kwa usawa, ambazo mtu aliyezoea filamu hatazionea haya. Unywele mmoja mmoja wa ndevu ulisomeka, na mng'aro wa dele la shaba ulibaki na umbo lake. Kwa 25,600 bado ningeichapisha. Kwa upande wa rangi ya taa, hakuna cha kurekebisha: balbu na LED kwa kihisi hiki ni mwanga mwingi na mwanga mchache, basi.

Ukali wa maelezo ni faida nyingine, ingawa ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Kwa picha itakayoonekana kwenye simu hakuna atakayeitofautisha. Kwenye chapa ya sentimita 60 na zaidi tofauti hujitokeza mahali maalumu, na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni kofia ya vito. Vile vitundu vidogo vilivyoshonwa kwa mkono, vinavyojipanga kwa mamia, ndivyo hasa vinavyoichanganya kamera ya rangi, kwa kuwa kwenye picha kitundu kimoja huchukua pikseli chache tu, na kukisia rangi kutoka kwa jirani huzaa mawimbi ya rangi ambayo hayakuwepo kofiani. Kwenye picha ya kijivu mawimbi hayo hugeuka kuwa vivuli vya uongo. Monochrome ilivitoa vitundu vyenyewe, kimoja kimoja, na uzi unaovizunguka.

Wanaomiliki lenzi za zamani, na Pentax ina nyingi kwa kuwa kiungio chake cha K, pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, kinatumika tangu mwaka 1975, wajue jambo moja. Lenzi nyingi za zamani huziachanisha rangi kidogo kwenye pembe za picha. Kamera ya rangi huonyesha kasoro hiyo kama ukingo wa zambarau au kijani ambao programu huufuta mara moja. Kwenye Monochrome rangi hizo zimekwisha kuchanganywa, kasoro inabaki kuwa ukungu tu, na hakuna programu ya kuitenganisha. Kichujio cha rangi iliyokolea hupunguza tatizo hilo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa nacho.

Kuhusu matumizi ya kila siku sina mengi. Zote mbili zimezibwa dhidi ya maji na vumbi, jambo lenye uzito hapa ambapo chumvi ya bahari huingia hata kwenye kufuli. Betri inatosha siku nzima. Skrini haikunjuki, nayo ni kero kwa anayepiga akiwa amechuchumaa. Lililonishangaza ni hili: kwa kuwa kamera hizi hutumia kioo cha ndani kinachopeleka mwanga wa lenzi moja kwa moja kwenye jicho, kitundu cha kuchungulia cha Monochrome kinakuonyesha dunia yenye rangi zake zote. Anayedhani kwamba kamera hii itamfundisha kuona kijivu kabla ya kubonyeza asitarajie hivyo. Atakiona kijivu kwenye skrini, baadaye, sawasawa na mwenye kamera ya rangi aliyeiweka kwenye hali ya nyeusi na nyeupe. Ukifunga kichujio chekundu, kitundu chote kinakuwa chekundu na giza, na jioni inakuwa vigumu kujua macho ya mtu yako wapi.

Bei ya kutolea ilikuwa dola 2,199.95 kwa Monochrome na dola 1,999.95 kwa ile ya rangi, yaani takriban shilingi 284,000 na 258,000 kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, kabla ya ushuru, VAT ya asilimia 16 na gharama ya kusafirisha, kwa sababu ni vigumu kuikuta yoyote kati ya hizi kabatini kwenye maduka ya mjini, ambako Canon, Nikon na Sony ndizo zinazotawala. Leica M11 Monochrom yenye megapikseli 60, iliyotoka mwezi huohuo wa Aprili 2023, iliuzwa zaidi ya dola 9,000 bila lenzi, na kwa fedha hizo hapa mtu anazungumzia gari. Kwa hiyo kwa wengi wetu mjadala ni wa hizi Pentax mbili, au wa kamera ya rangi ambayo tayari mtu anayo.

Anayeishi kwa kupiga picha za harusi asiinunue Monochrome kama kamera yake ya kwanza. Bibi harusi aliyepakwa hina na piko na kuvishwa nguo iliyochaguliwa kwa miezi mingi hatakuelewa ukimletea kijivu peke yake, na kamera ya rangi itampa vyote viwili. Anayepiga zaidi mchana, mitaani, sokoni na ufukweni, naye ningemshauri abaki na rangi: aweke kamera itunze faili ghafi pamoja na picha ya nyeusi na nyeupe, aongoze jicho lake kwa ile ya kijivu, na fedha iliyobaki aitie kwenye lenzi. Monochrome ningempa mtu wa namna moja, yule ambaye amekwisha kuacha rangi kwa hiari yake, anayefanya kazi alfajiri na usiku, na anayechapisha picha kubwa za kutundikwa. Huyo, kila akipita vichochoroni baada ya Isha, ataziona zile shilingi 26,000 za tofauti kuwa ni ndogo.

Akiinunua, anunue pamoja nayo kichujio cha machungwa kabla ya kingine chochote. Lenzi nyingi ndogo za Pentax, pamoja na hiyo DA 35mm f/2.4, hutumia kipimo cha milimita 49, kwa hiyo kichujio kimoja kitamfaa kwenye lenzi kadhaa. Cha manjano kinaweza kufuata, na chekundu kinaweza kungoja hadi mvua zitakapolisafisha anga.